Kutoa picha kwenye negativu za zamani za familia, hatua kwa hatua

Baba alipofariki tulikuta juu ya kabati lake, nyuma ya taa ya chemli, bati la biskuti lililofungwa kwa kamba ya katani. Tulidhani ni vyeti au hati ya kiwanja. Zilikuwa negativu: mikanda ya kamera iliyokatwa vipande vipande, mingine ndani ya bahasha za studio, mingine imeviringishwa kwenye gazeti. Mmoja wetu alishauri zitupwe. "Picha zenyewe si ziko kwenye albamu?"

Picha ya kwenye albamu ni nakala. Negativu ndiyo iliyokuwemo ndani ya kamera siku ile, weusi na weupe vikiwa vimegeuzwa. Nakala ya rangi ya miaka ya 1980 iliyotundikwa sebuleni imeshapauka kwa jua, lakini mkanda uliokaa gizani mara nyingi bado umehifadhi sura yote. Na mara nyingine una zaidi ya nakala. Sebuleni kwetu Tanga kuna picha ya baba amevaa suti ya Kaunda, amesimama peke yake kando ya baiskeli. Negativu yake ni ya mraba, na karatasi ya studio ilikuwa ya mstatili, kwa hiyo fundi alikata pembeni ili ienee. Nilipoitazama negativu nzima nikamwona upande wa kushoto msichana anacheka, mkono mmoja umeshika upindo wa khanga, mwingine uko kwenye usukani wa ile baiskeli. Nilimwonyesha shangazi. "Wifi huyo!" alisema kabla sijauliza. "Hapo hata posa haijapelekwa, mwanangu."

Miaka zaidi ya 40 mama alikuwa ndani ya lile bati. Ndiyo maana naandika haya kwa kirefu.

Kwanza, neno moja la kuwa nalo makini

Sisi tuliokua enzi za mikanda tunasema "kusafisha picha" tukiwa na maana ya kuupitisha mkanda kwenye dawa na kutoa picha. Kijana wa studio wa leo huenda hajawahi kushika mkanda maishani mwake. Mimi nilipeleka bahasha ya kwanza kwenye studio moja, nikasema kwa mazoea, "Naomba unisafishie hizi." Yule kijana akaziosha kwa maji na sabuni. Vipande viwili vilikuwa na ukungu. Sura za watu zikatoka pamoja na povu, ukabaki utepe mtupu unaong'aa. Hakuwa na nia mbaya. Neno langu na neno lake halikuwa moja.

Kwa hiyo sema wazi: "Hizi ni negativu zilizokwisha kusafishwa zamani. Nataka uzipige skani, kisha unitolee picha. Usizioshe." Na kama unaweza, kaa hapo hapo mpaka kazi iishe.

Hatua ya 1: Kusanya, kisha nusa

Tafuta kwenye bahasha za studio, nyuma ya kurasa za albamu, ndani ya masanduku ya nguo, na kwa ndugu waliokuwa na kamera. Watu hutunza picha wakasahau kwamba nyuma yake wameweka mkanda.

Kama picha ilipigwa studio, huenda negativu haikuwahi kufika nyumbani kabisa, kwa sababu studio nyingi zilikuwa zikibaki nazo na kumpa mteja nakala tu. Geuza picha utazame mgongoni: muhuri wa studio na namba iliyoandikwa kwa kalamu ndiyo njia ya kuifikia. Studio chache za zamani bado zina hazina yake. Capital Art Studio ya Mji Mkongwe, Unguja, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930 na kuendelezwa na mwanawe Rohit, inajulikana kwa kutoa picha kutokana na negativu zake za miaka hiyo. Ukienda kwa mtu wa namna hiyo, nenda na picha yenyewe mkononi, usitegemee maelezo ya mdomo.

Ukishakusanya, tandika kitambaa cheupe kisafi mezani, mbali na chai na feni. Nawa mikono, ikauke vizuri, au vaa glavu za pamba. Shika kila kipande kwa kingo zake tu. Alama ya kidole huonekana kama uvimbe usoni kwa mtu ukikuza picha.

Sasa fungua kila bahasha na unuse. Harufu ya siki maana yake utepe wenyewe umeanza kuoza. Mikanda mingi ya karne iliyopita ilitengenezwa kwa asetati, aina ya plastiki, na asetati ikipata joto na unyevu hutoa asidi, kisha asidi hiyo huharakisha uozo na kuambukiza mikanda ya jirani. Hakuna dawa ya kuirudisha. Itenge, na iwe ya kwanza kupigwa skani kabla haijajikunja na kupasuka.

Negativu za enzi za mababu, za kabla ya miaka ya 1950, zitazame kwa uangalifu zaidi. Baadhi zilikuwa za naitreti, plastiki ya zamani zaidi, ambayo hushika moto kwa kasi ya kutisha. Kodak iliacha kuitengeneza mwaka 1951. Ukiona ukingoni neno SAFETY, hiyo si naitreti. Kama neno hilo halipo na utepe umegeuka kahawia na kunata, usiupeleke karibu na joto wala moto, uweke peke yake mahali pa baridi penye hewa, na uombe ushauri kwa watu wa Nyaraka za Taifa.

Vipande vilivyogandana usivibandue. Viweke kando kama vilivyo.

Hatua ya 2: Jua una saizi gani

Hili ndilo litakaloamua skana gani inakufaa, na watu wengi hulikosa. Chukua rula. Mkanda wenye matundu pande zote mbili, upana milimita 35, ndio ule wa kamera za kawaida kama Zenit. Kila picha ina milimita 24 kwa 36. Mkanda mpana usio na matundu, karibu sentimita 6, ni wa aina iitwayo 120, uliotumika kwenye Yashica na Lubitel za wapiga picha wa studio na wa mitaani. Huo hutoa picha 12 za mraba, au 8 za mstatili mrefu, kutegemea kamera. Vipo pia vidogo sana vya kamera za mfukoni za miaka ya 1970 na 1980. Hivyo vina upana wa milimita 16 na havikuzwi sana.

Tazama rangi. Kijivu ni nyeusi na nyeupe, na hiyo ndiyo imara kuliko zote, maana sura imejengwa kwa fedha halisi. Wekundu wa machungwa ni negativu ya rangi. Ukiona rangi za kawaida, mtu ni mtu na anga ni bluu, hiyo si negativu bali ni slaidi, na fundi lazima aambiwe.

Tazama pia pande zake mbili. Upande mmoja unang'aa, mwingine umefifia; uliofifia ndio wenye dawa, na huo ndio wa kulinda kama mboni ya jicho. Ukishika upande unaong'aa ukuelekee, maandishi na namba za ukingoni zinasomeka sawasawa. Ukiona herufi zimegeuka, picha nayo imegeuka: saa itahamia mkono wa kulia na vifungo vya shati vitafungwa kinyume. Nimeona picha za harusi zilizotundikwa hivyo miaka mingi.

Hatua ya 3: Zitazame na wazee kabla ya kulipia chochote

Huhitaji mashine. Simu moja ifungue ukurasa mweupe mtupu, mwanga uwe juu kabisa, ilaze mezani. Hiyo ndiyo taa yako. Kwenye simu ya pili ingia mipangilio, sehemu ya ufikivu, uwashe kugeuza rangi. Kwenye iPhone chagua ile inayogeuza kila kitu, si ile inayoziacha picha zilivyo. Kisha fungua kamera na uielekeze kwenye negativu iliyoinuliwa kidogo juu ya ule mwanga. Papo hapo, weusi unakuwa weupe na mtu anatokea kwenye kioo.

Fanya hivi mbele ya shangazi, babu, au jirani wa zamani, mchana, bila haraka. Usianze na maswali. Acha atazame. Kwetu picha 36 za mkanda mmoja zilichukua alasiri nzima, kwa sababu shangazi hakutaja majina tu, alitaja nani alishona ile gauni na nani hakualikwa. Mtoto mmoja aandike, au rekodi sauti.

Kila kipande kipe namba: bahasha, mkanda, kisha namba ya picha iliyoko ukingoni, kama vile 3-2-14A. Andika kwa penseli kwenye bahasha kabla ya kutia negativu ndani, ili mgandamizo wa penseli usiiumize.

Hapo ndipo uchague. Huna haja ya kutoa picha zote. Kati ya negativu 212 za baba, tulichagua 40.

Hatua ya 4: Toa vumbi bila maji

Vumbi moja dogo juu ya negativu ya milimita 36 litakuwa doa la kuonekana kwenye picha kubwa. Lakini hatari kubwa ni kulitoa vibaya. Usipulize kwa mdomo, mate huruka. Usifute kwa ncha ya khanga wala kwa tishu, vyote hukwaruza.

Tumia pumpu ya mpira. Kama hupati ya wapiga picha, ile mpya ya duka la dawa ya kuvutia makamasi ya watoto inafaa kabisa, mradi ni kavu. Pulizia ukiwa umeinamisha kipande ili vumbi lianguke chini. Linalong'ang'ania liondoe kwa brashi laini sana ambayo haijawahi kugusa rangi wala vipodozi.

Alama za vidole upande unaong'aa zinaweza kutoka kwa pamba laini iliyoloweshwa kidogo kwa alkoholi ya aisopropili ya asilimia 99. Spiriti ya kawaida ya duka la dawa ina maji na vitu vingine, iache. Na palipo na ukungu usiguse kwa kimiminika chochote chenye maji. Ukungu hula ile jelatini iliyoshika sura, ikabaki laini kiasi kwamba tone la maji linaiyeyusha. Ndicho kilichotokea kwenye vile vipande vyangu viwili.

Mkanda uliojikunja utie kwenye bahasha yake, uweke chini ya vitabu vizito kwa siku kadhaa. Usiupige pasi, hata juu ya kitambaa.

Hatua ya 5: Chagua njia

Njia ya studio ndiyo rahisi kwa wengi. Ila "tuna skana" si jibu la kutosha. Skana ya ofisi humulika karatasi kutoka chini, na negativu hutaka mwanga upite katikati yake kutoka upande wa pili. Uliza: skana yenu ina taa kwenye kifuniko na fremu za kushikia mikanda? Inapokea upana wa sentimita 6? Mnapiga dpi ngapi, yaani nukta ngapi kwa inchi? Mtanipa faili zenyewe, si picha tu? Akisita kwenye swali la kwanza, shukuru na uondoke. Usiache negativu zako zote mahali pamoja. Peleka bahasha moja, irudi, ndipo upeleke ya pili. Hesabu vipande mbele yake wakati wa kutoa na wakati wa kupokea.

Njia ya pili ni kununua skana ninyi wenyewe, na kwa ukoo wenye mabati matatu ya negativu hesabu inaweza kulipa, hasa mkichanga. Epson Perfection V600 inapokea mikanda ya milimita 35 na ile mipana. Plustek OpticFilm 8100 ni kali kwa milimita 35 lakini mipana haiingii. Mkimaliza, mwaweza kuiuza.

Njia ya tatu ni simu au kamera. Kata dirisha dogo kwenye manila nyeusi, sawa na ukubwa wa picha, ili mwanga wa pembeni usiingie. Mwanga utoke kwenye tableti yenye ukurasa mweupe, lakini negativu ikae juu yake kama sentimita 4, vinginevyo vinukta vya kioo vitaonekana kwenye picha. Zima taa za chumba. Simu iwe sambamba kabisa na negativu, juu ya stendi au vitabu, na upige kwa kuchelewesha sekunde 2 ili mkono usitikise. Kwa picha ndogo za inchi 4 kwa 6 matokeo yanaridhisha. Kwa ya kutundika ukutani, peleka kwenye skana.

Wapo pia wachache wenye chumba cha giza na mashine ya kukuzia. Ukimpata mmoja, mpe ile nyeusi na nyeupe unayoipenda kuliko zote, akutolee moja kwa moja kwenye karatasi ya zamani bila kompyuta. Weusi wake ni mwingine.

Hatua ya 6: Kupiga skani

Namba moja ya kukumbuka: 2400 dpi kwa milimita 35. Ukipiga hesabu, milimita 36 zinakupa pikseli 3,400 hivi, zinazotosha picha ya karibu inchi 7.5 kwa 11 kwa ubora mzuri wa nukta 300 kwa inchi. Kwa negativu ya mraba ya sentimita 6, 2400 hiyo hiyo inavuka inchi 17, kwa hiyo hata 1600 inatosha. Namba kubwa kama 6400 zilizoandikwa kwenye maboksi hunenepesha faili tu. Lenzi za skana hizi haziwezi kuona kwa ukali huo.

Hifadhi faili la asili kama TIFF, aina ya faili isiyopunguza ubora. JPEG, ambayo ni nyepesi, iwe ya kutuma. Acha kingo zote za picha zionekane. Kukata ni baadaye, na kwenye nakala.

Baadhi ya skana zina kitufe cha kuondoa vumbi kwa mwanga wa infraredi. Kiwashe kwa negativu za rangi. Kwa nyeusi na nyeupe kizime, kwa sababu fedha iliyomo huzuia mwanga huo na mashine hudhani uso wa mtu ni vumbi, ikaufuta.

Hatua ya 7: Kurekebisha, kwa mkono mwepesi

Kama skana haikugeuza picha yenyewe, programu ya GIMP ni ya bure na inatosha. Geuza rangi kwanza. Negativu ya rangi itatoka na ubluu mwingi, kwa sababu ya ule wekundu wa utepe. Fungua viwango (Levels), nenda kwenye nyekundu peke yake, kisha kijani, kisha bluu. Kila moja ina mchoro kama kilima; sogeza ncha ya kushoto mpaka pale kilima kinapoanza, na ya kulia pale kinapoishia. Ukimaliza ya tatu, rangi ya ngozi itakuwa imerudi yenyewe.

Usibonyeze kitufe cha kurekebisha kila kitu kwa mpigo. Mashine hukisia mwangaza kwa wastani wa picha nzima, na baba mweusi aliyevaa kanzu nyeupe juani hugeuzwa kivuli ili kanzu ipendeze. Anza na uso. Ongeza mwanga mpaka uone macho na mstari wa tabasamu, hata kama kanzu itapoteza mikunjo kidogo. Futa vumbi na mikwaruzo, lakini makovu, chale na mikunjo ya uso viache. Hivyo ni vya mwenyewe.

Hatua ya 8: Kutoa picha

Peleka faili kwa fleshi. Ukilazimika kutumia WhatsApp, tuma kama hati na si kama picha, la sivyo itabanwa na ukali utapotea.

Picha ya milimita 35 inaingia sawasawa kwenye inchi 4 kwa 6 na 8 kwa 12. Ukiagiza 8 kwa 10 itakatwa, na anayekatwa ni yule aliyesimama mwisho wa mstari. Ya mraba iagize ya mraba, au iwekwe nzima katikati ya karatasi yenye ukingo mweupe. Mwambie fundi asikate wala asirekebishe rangi. Toa moja ndogo ya majaribio, itoe nje uitazame kwenye mwanga wa mchana, ndipo uagize zilizobaki. Uliza pia kama wanatumia karatasi ya picha inayopita kwenye dawa au printa ya wino. Zote zinaweza kuwa nzuri, lakini wino wa bei rahisi kwenye karatasi ya kawaida hautavuka miaka mingi sebuleni.

Usiipige leminesheni. Joto na gundi yake haviondoki tena. Tumia fremu yenye kadibodi inayoacha nafasi kati ya kioo na picha, kwa sababu unyevu wetu wa pwani hugandisha picha kwenye kioo, na siku ya kuitoa inabaki nusu.

Hatua ya 9: Rudisha negativu mahali pema

Kuwa na faili si sababu ya kutupa mkanda. Faili hupotea na simu iliyoibiwa. Tia kila kipande kwenye bahasha ya karatasi isiyo na asidi au mfuko wa poliesta, si plastiki laini ya PVC, kwani hiyo hunata na dawa ya mkanda. Weka kwenye kasha pamoja na vipakiti vya silika vya kunyonya unyevu, ndani ya kabati la chumba chenye hewa, mbali na ukuta unaopigwa na jua na mbali na jiko. Badilisha silika kila masika yanapokwisha. Ile yenye harufu ya siki ikae peke yake, nje ya kasha hilo.

Faili ziwe sehemu tatu: diski nyumbani, nyingine kwa ndugu wa mji mwingine, na nakala mtandaoni. Jina la kila faili libebe ile namba ya bahasha, na majina ya waliomo yaandikwe humo humo.

Halafu toa nakala za ziada kwa watu wengine waliomo. Kwenye mkanda wa 3 wa baba kulikuwa na picha tatu za jirani mmoja na mwanawe mchanga, ambazo hakuwahi kupewa. Sasa ni bibi kizee. Tulimpelekea moja ya inchi 8 kwa 12, akaiweka mapajani, akaita jina la yule mtoto mara mbili, kisha akatuuliza kama tunayo nyingine ya kumpelekea mwenyewe, yuko Morogoro.